Nilikuwa Nasema Nini?

Nelima alilelewa Malakisi na wazazi wa mama yake, Mzee Mukhisa na mkewe Bilha. Kama kawaida ya Wabukusu, Nelima alimwita babu yake Kuka na nyanya yake Kukhu. Mama yake, Dinah, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Kitale, akiishi chumba kimoja ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda. Kwa hiyo mtoto alibaki kwa wazee mpaka alipomaliza darasa la nane. Na enzi hizo, mtu angekuambia kwamba msichana yule angekuja kushindwa kusikiliza, ungemcheka mbele ya watu.

Mzee Mukhisa alikuwa mkulima wa tumbaku. Wasioijua tumbaku hudhani kazi yake ni jembe. Kazi hasa ni kukausha. Majani hufungwa kwenye fito, fito zikapandishwa ndani ya banda refu la udongo, na moto ukawashwa chini. Moto huo haulali. Ukishuka, majani yanakuwa meusi na mnunuzi hataki hata kuyashika. Ukipanda, banda zima linateketea. Jirani yao mmoja alipoteza banda pamoja na nyusi zake kwa sababu ya usingizi mdogo tu, wa kuegemea mlango. Kwa hiyo msimu wa kukausha, Mzee Mukhisa alikuwa mtu wa kukaa macho, na mjukuu wake alikaa naye pale mdomoni mwa tanuri akipokeza kuni.

Hapo ndipo mchezo wao ulipoanzia. Kuka alikuwa akisimulia, habari za ng'ombe walioibwa wakarudi wenyewe, za mwanamke wa Chwele aliyeolewa na mtu asiye na kivuli, halafu katikati ya maneno anakata ghafla.

"Nilikuwa nasema nini?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, na ile "nini" ikishuka kidogo mwishoni. Nelima alitakiwa kumrudishia maneno ya mwisho yote, kama yalivyotoka. Akishindwa, basi amesinzia. Akisinzia yeye, mzee naye atasinzia, na banda litaungua. Mtoto hakushindwa hata mara moja. Mzee alimsifu mpaka majirani wakachoka.

"Huyu mutoto ana masikio ya sungura, bana," alikuwa akisema. "Hata nikikohoa, atakwambia nilikohoa wapi."

Kisha Nelima akaenda Kitale kwa mama yake, akasoma sekondari, akaingia kampasi ya chuo kikuu kimoja pale pale mjini, kozi ya maendeleo ya jamii. Alipata chumba cha kupanga na msichana wa darasa lake, Kui, ambaye wazazi wake wana duka la vifaa vya ujenzi Kiminini. Na alipata simu nzuri.

Tusiisingizie simu kila kitu. Lakini tuseme ukweli. Kulikuwa na kundi la WhatsApp la darasa, na kundi la walioudhika na kundi la darasa, na la kazi za vikundi, la kanisa, la ploti alikopanga, la harusi ya mtu ambaye Nelima hakumjua na aliona haya kujitoa. Wahadhiri walituma PDF juu ya PDF. Mihadhara ilirekodiwa, akawa anaisikiliza kwa kasi maradufu huku akipitisha video za watu wakisonga ugali Uganda. Alisoma ukurasa mmoja mara tatu, ya nne akagundua kwamba hajui ni somo gani. Usidhani ni yeye peke yake. Darasa zima lilikuwa hivyo, kila mmoja akijua kidogo cha kila kitu na hakuna aliyeweza kukaa na wazo moja mpaka chai ipoe.

Likizo ya mwezi wa nne Mzee Mukhisa akaanguka. Mapafu. Daktari wa Bungoma alisema arudishwe nyumbani akae na watu wake, na kila mtu mzima anajua hayo ni maneno ya namna gani. Nelima akatumwa Malakisi akasaidie.

Mchana mmoja Kukhu Bilha alibeba mahindi akaenda posho mill.

"Kaa na yeye," alisema. "Akitaka maji, mpe kwa kijiko."

Nelima aliketi kwenye kigoda karibu na kitanda, simu mkononi. Kazi ya kikundi ilitakiwa jioni ile na kundi lilikuwa linawaka. Kuka alikuwa akisema jambo. Hilo Nelima alilikumbuka baadaye vizuri, kwamba alikuwa akisema jambo, midomo ikienda polepole, mkono umetoka nje ya blanketi. Naye aliitikia. Kisha mzee akanyamaza, naye akashukuru moyoni kwa kile kimya, akaendelea.

Kukhu aliporudi aliuliza kutoka mlangoni, "Amelala?"

"Amelala, Kukhu."

Bibi akaweka beseni ya unga chini. Akagusa unyayo wa mumewe. Halafu akaketi sakafuni, na Nelima bado alikuwa hajainua macho.

Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomtafuna. Walimsifu. Mzee amekufa akiwa na mjukuu wake kando, walisema, hakuna kifo kizuri kama hicho. Mjomba Levi, mwana mkubwa wa marehemu, alimshika bega mbele ya watu.

"Alikuachia maneno gani, mama?"

Nelima alitafuta kichwani. Palikuwa peupe. Aliona midomo, hakuona neno. Watu wote walikuwa wamemgeukia.

"Alisema tuishi kwa amani," akasema.

Wakalia. Wakayaandika msalabani, rangi nyeusi juu ya mbao mpya: TUISHI KWA AMANI.

Kwa mzee wa heshima kama Mukhisa, Wabukusu hawaishii kwenye mazishi. Siku chache baadaye huitwa mzee maalumu, mtu wa ukoo wenye kipawa hicho, akaja kusema kumuse, hotuba ya kumuaga marehemu. Watu hukaa chini kwa koo zao wakiacha njia katikati. Yeye hutembea katika njia hiyo, huku na huku, na fimbo yake, akisimulia walikotoka, waliotangulia, na huyu aliyeondoka juzi. Akisema, hakuna anayesimama. Hakuna mtoto anayekatiza. Hata kuku hufungiwa. Mtu akitaka kukohoa, anameza. Watu waliambiwa wazime simu, na Nelima akaweka yake iwe ya kutetemeka tu, kwa sababu matokeo ya ile kazi ya kikundi yalikuwa yanatoka.

Mzee yule alisema kwa muda mrefu na vizuri. Jua lilipanda na hakuna aliyejikuna. Akafika kwa Mukhisa mwenyewe, tumbaku yake, watoto wake, ugonjwa wake.

"Na ile siku alikuwa anaenda," alisema, akija na njia upande wa Nelima, "akafungua mudomo, akasema..."

Simu ikatetemeka mapajani. Nelima hakusogea. Macho tu ndiyo yalishuka, kidogo, kama mtu anavyoangalia kama kifungo kimefungwa. Alipoyainua aliona viatu vya mzee wa kumuse vimesimama mbele yake.

"Nilikuwa nasema nini?"

Haikuwa sauti yake ya kunguruma. Ilikuwa ya chini, na mwisho wake ulishuka. Nelima aliijua sauti ile. Mchezo ule hakuwahi kumwambia mtu. Mzee yule alikuwa mgeni kutoka upande wa mlima, hakuwahi kukanyaga boma lile.

Hakuna aliyejibu, maana kwenye kumuse hakujibiwi. Mzee alipangusa uso kwa kiganja, akatazama huku na huku kama aliyeamshwa, akaenda zake na njia akizungumzia mambo ya ukoo. Maneno ya mwisho ya Mukhisa hakuyarudia. Wazee walitazamana.

"Mutu wa kumuse hapotezi maneno," Levi alisema baadaye, akipunguza sauti. "Mimi sijai ona. Ati kumuse ikikatika, aliyekufa hatulii."

Nelima akarudi Kitale haraka kuliko adabu inavyoruhusu.

Wa kwanza alikuwa Daktari Chepkirui, mhadhiri wao, mwanamke anayefundisha bila karatasi na hasahau hata jina la mtoro. Alikuwa katikati ya mada yake ubaoni akakatika. Akageuka. Darasa lilikuwa limejaa mpaka dirishani, lakini alimtazama Nelima.

"Nilikuwa nasema nini?"

Wanafunzi wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akaendelea. Ni jambo la kawaida, nani hajawahi kupoteza maneno? Nelima alijiambia hivyo njia nzima mpaka chumbani.

Kisha ikawa mhubiri wa Jumapili. Kisha mwenye ploti, akidai mambo ya taka. Kisha mtangazaji wa redio ya kinyozi, Nelima akiwa anapita tu barabarani, maneno ya matangazo ya vifo yakakatika na redio ikamwuliza. Wote kwa ile sauti ya chini. Wote wakisahau papo hapo kwamba wameuliza.

Kuna mama mmoja wa Kipsongo aliyekuwa akipanga nyanya kando ya barabara, mwongeaji hodari, akimweleza Nelima habari za mwanawe. Akakatika, kiganja kimebaki hewani na nyanya ndani yake.

"Nilikuwa nasema nini?"

Safari hii Nelima aliamua kujibu. "Ulisema tuishi kwa amani."

Mama yule akamtazama. Akatikisa kichwa polepole, upande huu na upande huu, kama mtu mzima anavyomkatalia mtoto anayedanganya.

"Hapana," alisema.

Kisha akapepesa macho, akatabasamu. "Umesema ni nyanya za kiasi gani, customer?"

Nelima hakuchukua nyanya. Alitembea mpaka mjini bila kujua miguu inampeleka wapi. Aliogopa, na chini ya woga palikuwa na kitu kibaya zaidi, kwamba alikuwa ameulizwa swali rahisi kabisa na mtu aliyempenda, na hana jibu.

Basi akafanya wanachofanya watu wa rika lake wakipotelewa. Akaingia mtandaoni. Alisoma jinsi ya kukumbuka maneno yaliyosahaulika. Alitazama mtaalamu mmoja akisema funga macho, na mwingine akisema kamwe usifunge macho. Akapakua programu ya kufundisha ubongo, ikawa inamtumia ujumbe kila asubuhi kumkumbusha asisahau kukumbuka. Kadiri alivyosoma, ndivyo ule mchana wa Malakisi ulivyozidi kwenda mbali. Mwishowe hakuwa na hakika kama blanketi lilikuwa la bluu.

Mitihani ilikaribia. Akifungua kitabu, macho yanapanda mstari, yanafika katikati, na pale katikati anasubiri aulizwe.

Hata Kui alianza kuchoka. "Manze Neli, usikasirike," alisema. "Lakini kukuongelesha ni ngumu siku hizi. Nikianza story nasahau. Ni kama kuna mtu ananishika mdomo."

"Anakushika wapi?"

"Si ni kusema tu." Lakini Kui alikuwa amejigusa midomo.

Kui ndiye aliyeipata. Simu yake ilikuwa imejaa, haikubali tena picha hata moja, akaketi kitandani mchana wa Jumamosi akifuta vitu. Alikuwa amefika kwenye kundi la kazi ya kikundi, lile la mwezi wa nne.

"Ona hii ni voice note yako," alisema. "Sijawahi iskiza. Hata hakuna mwenye aliiskiza, aki. Mlikuwa mnatuma hadi mtu anapita tu."

Nelima alitazama tarehe. Akaketi.

"Iweke," alisema.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya haraka, karibu sana na simu. "Guys, mimi nitafanya intro, lakini mtu anitumie ile PDF tena, yangu imepotea, na pia tuamue nani anaprint, juu Ian alisema..." Ikaenda hivyo kitambo. Kisha sauti ile ile ikageuka pembeni: "Eeh Kuka, nakusikia." Kisha ikarudi. "Sorry guys, ni babu yangu. Nilikuwa nasema nini? Eeh, intro."

Ikaisha. Kui hakucheka. Nelima alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Rudia," alisema.

"Neli."

"Rudia, Kui. Kuna mtu nyuma."

Kui akarudia. Mara ya pili Nelima alisikia mlango wa jiko la Malakisi, na jogoo. Mara ya tatu akasikia pumzi. Sauti yake mwenyewe ilikuwa juu ya kila kitu, na ilikuwa ya kuchukiza, ile sauti, yenye shughuli nyingi. Alijaribu kuipita. Kila alipoifuata hata neno moja, pumzi ile ilizama. Kwa hiyo aliacha kujisikiliza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mtihani wowote. Simu yake iliita mezani, akasema tu "izime", na Kui akaizima.

Hakuna anayejua walirudia mara ngapi. Kui anasema yeye alisikia habari za intro kila mara, mwanzo mpaka mwisho, basi. Lakini alimwona mwenzake akiinama zaidi na zaidi, macho yamefumbwa, na kufika mwisho midomo ya Nelima ilikuwa ikienda pamoja na kitu ambacho Kui hakukisikia.

Kwa Nelima, sauti yake ilikuwa imepungua mpaka ikaisha. Palibaki mzee peke yake, akisema polepole kwa mtu anayemwamini.

"Nelima. Moto inashuka, mwana. Usiniache nilale peke yangu. Nishike mukono mupaka Kukhu yako arudi. Naogopa." Kisha, kwa ile sauti ya chini: "Nilikuwa nasema nini?"

Na jibu lilikuwa moja tu, na yeye na Kui walikuwa wamelisikia tayari kwenye simu. Eeh Kuka, nakusikia.

Alilia vibaya. Kui alimshika, akawa anamwambia maneno ambayo watu huambiana.

Kesho yake alikuwa Malakisi. Kukhu Bilha alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, na Nelima alipiga magoti mbele yake, akamwambia yote. Uwongo wa msalabani, simu, kumuse, mama wa nyanya, sauti. Akayarudia maneno ya Kuka yote, kama yalivyotoka.

Bibi hakuacha kuchambua mpaka mwisho. Kisha mikono ikatulia.

"Alisema anaogopa?"

"Eeh, Kukhu."

"Miaka yote tumeishi, hajai niambia anaogopa." Alitazama banda la tumbaku, ambalo paa lake lilikuwa limeanza kubonyea. "Na wewe ukamuambia nini?"

"Nilimwambia nakusikia."

Bibi angeweza kumfariji, na hakufanya hivyo, na pengine hiyo ilikuwa heshima. Alielekeza kidevu kuelekea chumbani.

"Basi enda," alisema. "Mimi bado sijarudi kutoka posho mill."

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Blanketi lilikuwa la bluu. Nelima aliweka simu dirishani, akavuta kigoda kile kile, akaketi, akatoa mkono akauweka juu ya blanketi, kiganja juu. Akasubiri. Mwanzoni kichwa chake kilikimbia kila upande, mtihani, Kui, harusi ya yule asiyemjua, na kila kilipokimbia alikirudisha, kama unavyomrudisha ndama. Jua liliondoka ukutani. Simu ilitetemeka dirishani, ikatetemeka tena, ikajisogeza yenyewe mpaka ukingoni, ikaanguka sakafuni. Hakugeuka.

Halafu chumba kikanuka moshi wa kuni na majani makavu. Na kiganjani mwake kikaja kitu baridi, kigumu, chenye sugu, kikatafuta vidole vyake kimoja kimoja, kikavishika.

Hakikuuliza neno.

Kukhu Bilha alipoingia na chai, mchana ulikuwa unaisha. Alimkuta mjukuu wake ameketi wima, mkono wa kulia umefumba hewa, vidole vimekuwa vyeupe kama vya mtu anayebanwa. Bibi alisimama mlangoni na kikombe. Akauliza kwa sauti ndogo aweke chai wapi.

"Weka hapo chini, Kukhu," Nelima alisema, bila kuondoa macho kitandani. "Bado hajalala."